Kitambi, nyanya na tezi dume

Kila ukifika mwezi wa Novemba makundi ya wanaume ya WhatsApp yanajaa maelekezo ya kuzuia saratani ya tezi dume. Saga mbegu za maboga, changanya na asali. Kunywa juisi ya nyanya asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Acha nyama kabisa. Meza vidonge hivi vya zinki na seleniamu, vinasafisha tezi. Ujumbe mmoja wa aina hiyo niliupata kutoka kwa kaka yangu mkubwa, na chini yake aliandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye msomaji wa haya mambo. Kuna ukweli hapa?" Nilimjibu kwa kirefu. Wengine wawili watatu wakaliomba jibu lile, nami nimeona heri niliandike vizuri, mahali ambapo mtu anaweza kulisoma kwa nafasi.

Namna tunavyoishi na kula ina uhusiano na saratani ya tezi dume. Hilo sina ubishi nalo. Ila uhusiano wenyewe hauko pale ambapo wauzaji wa juisi na vidonge wanauweka. Chakula hakina sauti kubwa katika kuamua kama saratani hii itaanza au haitaanza. Sauti yake, pamoja na ya uzito wa mwili, sigara na mazoezi, inasikika zaidi kwenye swali la pili: ikishaanza, itakuwa ile inayokaa kimya miaka mingi au ile inayoua?

Wengi hawajui kwamba kuna hizo mbili. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Saratani ikianza humo, mara nyingi inakua polepole mno, kiasi kwamba wazee wengi wanaingia kaburini nayo bila kujua, wakiwa wameuawa na moyo au kiharusi. Nyingine inatoka ndani ya tezi mapema, inaingia kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, na hiyo ndiyo iliyochangia vifo karibu 397,000 duniani mwaka 2022, kati ya wagonjwa wapya wanaokaribia milioni 1.5. Mtu akikwambia chakula fulani "kinazuia saratani ya tezi dume," muulize anaizungumzia ipi.

Baba yangu mdogo aliugua ile ya pili. Sisi ni watu wa Upare, na ukoo wetu ni wa Wasabato tangu enzi za wamisionari walioingia Giti mwaka 1903. Baba mdogo hakuwahi kuonja pombe wala kuvuta sigara. Nguruwe hakumgusa. Makande, ugali, mboga za majani, ndizi, parachichi, nyama kwa nadra; na shamba lake lilikuwa mlimani, kwa hiyo kila siku alipanda na kushuka. Mkanda wake wa suruali ulikuwa na tundu aliloliongeza mwenyewe kwa msumari, upande wa ndani, kwa sababu kiuno kilikuwa chembamba. Siku daktari alipotusomea majibu, alikaa kimya, halafu akanigeukia mimi, si daktari.

"Mwanangu, nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote, baba."

Nilimaanisha, na bado namaanisha. Kuna mambo matatu ambayo hayaulizi umekula nini. La kwanza ni umri: chini ya miaka 40 ugonjwa huu ni nadra sana, baada ya 50 unapanda kila mwaka. La pili ni damu ya ukoo. Ukiwa na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, hatari yako ni kama mara mbili ya mtu mwingine. Hata upande wa akina mama una habari zake: jeni liitwalo BRCA2, linalojulikana zaidi kwa saratani ya matiti na ya ovari, likirithiwa na mwanamume likiwa na hitilafu linampa hatari kubwa ya saratani ya tezi dume, tena ile kali. Kwa hiyo mwanamume ambaye mama yake au dada zake waliugua saratani ya matiti wakiwa bado wadogo kiumri, anapaswa kumwambia daktari hata kama hakuulizwa. La tatu ni asili yetu ya Kiafrika. Nchini Marekani mwanamume Mweusi mmoja kati ya sita atagundulika na saratani hii katika maisha yake, ikilinganishwa na mmoja kati ya wanane kwa wanaume wote, na vifo miongoni mwa Weusi ni kama maradufu ya vile vya Wazungu. Huku kwetu, rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, imeonyesha wagonjwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 5 kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ongezeko hilo linaweza kuwa limechangiwa na vipimo kuwafikia watu wengi zaidi, lakini idadi ni idadi, na nyuma yake kuna watu.

Nayataja haya kwanza kwa makusudi. Mgonjwa anayeambiwa kila siku kwamba chakula ndicho chanzo anajilaumu mpaka usingizi unapotea, na aliye mzima anayekula vizuri anajiona ana kinga. Wote wawili wamedanganywa.

Sasa nyanya. Habari hii ina mzazi, haikuzuka tu mtandaoni. Mwaka 1995 Edward Giovannucci na wenzake wa Harvard walitoa matokeo ya kufuatilia wanaume wapatao 47,000 waliofanya kazi za afya. Waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara 10 kwa wiki walikuwa na hatari ya saratani ya tezi dume pungufu kwa asilimia 35 hivi kuliko waliokula kwa nadra. Sababu iliyotolewa ni laikopini, kemikali inayoipa nyanya wekundu wake. Dunia ikachangamka. Viwanda vya vidonge navyo vikachangamka. Mwaka 2007 jopo la Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani liliandika kwamba vyakula vyenye laikopini huenda vinalinda. Lakini tafiti zilizofuata hazikukubaliana, na mwaka 2014 jopo lilelile likaliondoa neno lake: ushahidi haukutosha kufikia uamuzi.

Kama unapenda nyanya, endelea nazo. Ila juisi mbichi ndiyo njia dhaifu kuliko zote ya kuipata hiyo laikopini, maana inayeyuka kwenye mafuta na inatoka vizuri nyanya ikiiva motoni. Aliyewahi kupika mchuzi anaijua bila kuambiwa jina lake. Unakaanga kitunguu, unamimina nyanya zilizoiva, unafunika, unapunguza moto, na baada ya muda mafuta yanaanza kujitenga pembeni ya sufuria yakiwa na rangi ya machungwa iliyokolea. Rangi ile ndiyo yenyewe. Mama zetu walikuwa wakiitoa kwa mwiko na kijiko kimoja cha mafuta, bila mashine ya kusagia juisi.

Kuhusu vidonge, hapo sina upole. Miaka ya 1990 majaribio mawili yalileta matumaini: moja la wavutaji sigara wa Ufini, ambao waliopewa vitamini E waliugua saratani ya tezi dume kwa uchache zaidi, na jingine la Marekani lililohusu seleniamu na saratani ya ngozi, ambalo nalo lilionyesha saratani ya tezi dume ikipungua. Watafiti wakafanya jambo la haki, wakaliweka tumaini hilo kwenye mizani. Mwaka 2001 likaanza jaribio lililoitwa SELECT, likikusanya wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Weusi waliruhusiwa kujiunga wakiwa na miaka 50, wengine 55, kwa sababu ileile niliyoieleza juu. Wengine walipewa vitamini E, wengine seleniamu, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2008 vidonge vilisitishwa kabla ya wakati kwa kuwa faida haikuonekana. Washiriki wakaendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 matokeo yakawa mabaya kuliko kukosa faida: waliomeza vitamini E peke yake walikuwa wameugua saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale wa kidonge kitupu.

Msomaji, soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Kidonge kilichonunuliwa ili kulinda tezi kiliongeza ugonjwa. Dozi ilikuwa yuniti 400 kwa siku, na chupa zenye kiwango hichohicho zinauzwa mpaka leo bila cheti cha daktari. Mwanamume mwenye afya ambaye hakupimwa na kukutwa na upungufu wowote, akitoa hela yake kununua chupa hiyo kwa ajili ya tezi dume, analipia hatari.

Mboga nazo zilipimwa. Jaribio jingine la Marekani, lililotangazwa mwaka 2020, liliwachukua wanaume 478 waliokuwa na saratani ya hatua za awali inayofuatiliwa tu bila matibabu. Nusu walielekezwa kwa simu jinsi ya kuongeza mboga na matunda, na kweli waliongeza. Baada ya miaka miwili, saratani haikuwa imecheleweshwa kuliko kwa wale wengine. Sikuyapokea matokeo hayo kama sababu ya kuacha mchicha. Mchicha na matembele vina kazi kubwa kwenye moyo, na moyo unaua wagonjwa wengi wa saratani hii kabla saratani yenyewe haijafika. Nimeyapokea kama onyo dhidi ya yeyote anayemwambia mgonjwa aache hospitali ale majani.

Kwa ukoo wa Kisabato kama wetu kuna utafiti mmoja unaogusa nyumbani moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kiliandikisha Waadventista wa Sabato wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada kati ya 2002 na 2007, kwa sababu ndani ya kanisa moja kuna wanaokula nyama, wanaokula samaki, wasiokula nyama lakini wanakunywa maziwa, na wasiogusa chochote cha mnyama. Wanaume wa kundi hilo la mwisho walikuwa na saratani ya tezi dume pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wanaokula nyama. Mwaka 2022 watafiti haohao wakatoa matokeo mengine kuhusu maziwa: waliokuwa wakinywa takriban kikombe na robo tatu kwa siku walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 25 hivi kuliko waliokunywa nusu kikombe kwa wiki. Kalisiamu iliyotoka kwenye vyakula vingine haikuwa na uhusiano huo, kwa hiyo shaka inaangukia kwenye maziwa yenyewe, labda kwa namna yanavyopandisha homoni inayochochea ukuaji iitwayo IGF-1. Ni utafiti wa kufuatilia watu, si jaribio, na siwezi kumwambia mfugaji amwage maziwa. Watoto wayanywe. Lakini mwanamume aliyepita miaka 50, mwenye baba au kaka aliyeugua, anayekunywa nusu lita kila jioni kwa imani kwamba anajenga mwili, mimi namshauri apunguze. Nami nimepunguza.

Nyama nayo isisahaulike. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipokutana mwaka 2015 waliiweka nyama ya kusindikwa, soseji na ndugu zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya utumbo mpana, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Kwa nyama nyekundu walitaja pia uhusiano na tezi dume. Nyama choma ya sikukuu si adui wa mtu. Ile ya kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, pamoja na soseji za kukaanga asubuhi njiani, ndiyo ya kujiuliza.

Ila kama ningeruhusiwa kuzungumzia kitu kimoja tu na wanaume wa rika langu, ningeacha vyakula vyote pembeni na kuzungumzia kitambi. Hapa ushahidi una nguvu kuliko kwa chakula chochote nilichokitaja. Jopo lile la 2014, lililoziondoa nyanya, lilisema kuna ushahidi wenye nguvu kwamba unene unaelekea kuongeza hatari ya saratani ya tezi dume iliyofikia hatua za juu. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Yanapandisha insulini, yanavuruga homoni, yanauweka mwili kwenye muwasho wa ndani wa muda mrefu usio na maumivu. Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: mtu mnene ana damu nyingi, hivyo protini ya tezi inayopimwa kwenye PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani hii, inachanganyika na majimaji mengi zaidi na namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Saratani inaweza kuwepo na karatasi ikasoma vizuri.

Kwetu kitambi kinasifiwa. Mwanamume akioa, akinenepa, mashemeji wanampongeza: "Shemeji, ndoa imekukubali!" Akipungua, mke wake ndiye anayeulizwa kulikoni. Kaka yangu, huyuhuyu aliyeniletea ujumbe wa juisi, alikuwa mwembamba kama baba mdogo mpaka alipopata gari na kazi ya kukaa. Sasa chakula chake cha mchana ni chipsi kuku na soda mbili, mezani kwake palepale. Alipoanza kutembea, nilimtumia matokeo ya mwaka 2011 ya wanaume 1,455 waliokwishagundulika na saratani ya tezi dume, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliyachapisha: waliotembea kwa mwendo wa haraka angalau saa tatu kwa wiki, ugonjwa wao uliendelea kwa kiwango cha chini kwa asilimia 57 kuliko waliotembea polepole na kwa muda mfupi. Yawezekana wengine walitembea polepole kwa sababu walikwishaanza kuzidiwa, na watafiti wanajitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu. Lakini mwendo wa haraka hauna hasara kwa mwenye magoti mazima.

Sigara nayo iko upande huuhuu. Mvutaji akipata saratani ya tezi dume, uwezekano wa kufa nayo au kurudiwa nayo baada ya matibabu ni mkubwa zaidi.

Utafiti ulioniridhisha kuliko yote umeyaweka haya pamoja. Watafiti wa Harvard waliwachukua wanaume zaidi ya 10,000 ambao vinasaba vyao vilikwishapimwa, wakawapa alama kwa mambo sita: uzito unaofaa, mazoezi ya kutoa jasho, kutovuta sigara, samaki wenye mafuta, nyanya, na kupunguza nyama za kusindikwa. Miongoni mwa waliorithi hatari kubwa kuliko wote, walioishi vizuri waliugua saratani hii kama wenzao. Lakini ile ya kuua kwao ilikuwa pungufu kwa karibu nusu. Ndiyo maana nasema chakula na maisha havifungi mlango wa kuingilia, vinapunguza ukali wa kilichoingia. Na orodha ile haina kitu cha kuagiza nje. Dagaa na vibua ni samaki wenye mafuta. Nyanya ziko kila genge.

Kilichompata baba mdogo kinahusu kitu kingine kabisa, nacho ni magome. Kuna mti wa milimani, kitaalamu Prunus africana, Wakikuyu wanauita muiri. Unaota misitu ya Mlima Kenya, Kilimanjaro, mpaka Kameruni. Magome yake yanauzwa Ulaya tangu miaka ya 1960 kama dawa ya tezi dume, na yamechunwa kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Magome hayo yanaweza kupunguza kidogo usumbufu wa mkojo. Lakini usumbufu ule, kuamka usiku mara kwa mara, mkojo kukatakata, kusubiri muda mrefu kabla haujatoka, mara nyingi unatokana na tezi kutanuka kwa sababu ya uzee, na kutanuka huko si saratani. Saratani changa kwa kawaida haina dalili yoyote. Baba mdogo alikuwa na vyote viwili. Alichemsha magome, mkojo ukawa mwepesi, akashukuru Mungu, akaendelea na shamba. Alipokuja kupimwa ilikuwa ni kwa sababu mgongo ulimzuia kuinama, na picha ikaonyesha mifupa.

Laiti angepimwa miaka mitatu minne kabla! Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire aliyeugua saratani hii na aliyekuwa na uwezo wa kutibiwa popote, alipasuliwa Uswisi mwaka 1996 na kufariki Rabat, Moroko, Septemba 1997. Nelson Mandela aligundulika nayo mwaka 2001, akapigwa mionzi, na akaishi miaka mingine 12. Sijui walikula nini, na sidhani ndicho kilichowatofautisha.

Kaka yangu na mimi tulikubaliana tupime pamoja. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume Weusi, na yeyote ambaye baba au kaka yake aliugua kabla ya miaka 65, waanze kuzungumza na daktari kuhusu kipimo wakiwa na miaka 45. Kwa mwenye ndugu zaidi ya mmoja wa karibu waliougua mapema, 40. Kipimo cha kwanza ni damu ya mkononi, ile PSA. Wanaume wengi wanaogopa kidole cha daktari, kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kabla hata hawajajua hilo. Kidole kinaweza kufuata, na ni dakika moja.

Ukienda, siku mbili kabla usikutane na mke wako wala usiendeshe baiskeli, maana vyote vinaweza kupandisha PSA bila ugonjwa. Kama una maambukizi ya njia ya mkojo au ulitolewa mpira wa mkojo hivi karibuni, mwambie daktari na usubiri wiki kadhaa. Kama unameza finasteride kwa ajili ya tezi iliyotanuka, taja jina lake, kwa sababu ukishaitumia miezi sita hadi mwaka inaishusha namba karibu nusu, na daktari anapaswa kuizidisha mara mbili ndipo aisome. Na kama unakunywa magome, sema pia. Hakuna daktari mwenye akili atakayekugombeza.